Pijo ya Mama Acan, Nusu Nyumbani Nusu Biashara

Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, afande wa kambi na msaidizi wake, mashehe, mapadri, wazee wa Kansanga, wenye magari, wenye matairi peke yake, na akina mama mlioambiwa msilete watoto mkawaleta, salamu! (Makofi. Mtoto analia.)

Mimi, Kapteni Marjan, Mkurugenzi Mkuu wa Projekti ya Asesimenti, yaani Upimaji, ya Magari Nusu kwa Nusu, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao nimeupima mwenyewe na kuuona ni asilimia tisini na tisa, kutangaza kwamba mtu akiuza gari la nyumbani ambalo pia lilifanya biashara, sehemu ya nyumbani haitatozwa kodi, sehemu ya biashara itatozwa, na sehemu isiyojulikana itaundiwa kamati. (Makofi ya wanakamati.)

Chukueni mfano wa Mama Acan, huyu hapa mbele. Tangu mumewe ahamishwe kikosi, na barua zikawa hazifiki, anataka kumuuzia Bwana Masinde gari lao la Pijo ili apate pesa ya kibanda cha kushonea, na mwenye kibanda amesema mwisho ni leo. Gari hilo lilipeleka watoto kliniki, likarudi na magunia ya maharage ya kuuza. Maofisa wangu wakauliza: mtoto akilala juu ya gunia, safari hiyo ni ya nyumbani au ya biashara? ("Ni ya usingizi, afande!" Kicheko.) Mama Acan, taratibu. Swali hilo limetuchukua wiki tatu, ndiyo maana gari lako limebaki kwetu kwa upimaji.

Na tumelipima! Nimelipima mimi mwenyewe mpaka Bugolobi, mpaka Kyambogo, kwenye harusi mbili na msiba mmoja. ("Kwa petroli yangu!") Petroli nayo ilipimwa, ikaisha. Takwimu zinaonyesha kwamba ulipotuletea, biashara ilikuwa asilimia arobaini. Baada ya safari zangu za kikazi imepanda hadi themanini na tano, maendeleo ambayo nchi jirani hazijayafikia. (Makofi. Masinde anatazama saa.)

("Afande, mimi nataka muhuri na ufunguo tu. Mwenye kibanda hangoji.") Utapata, mama! Ofisi yetu itakuwa na madirisha kumi na manne: moja la wauzaji, moja la wanunuzi, na kumi na mawili ya kuwaelekeza watu kwenye hayo mawili.

Sasa nikisema Kodi nusu, mnijibu Gari moja. Kodi nusu! (Mzee mmoja anakohoa.) Gari moja! ("Ufunguo!") Vizuri, hamasa ipo.

Kwa kumalizia, nawashukuru mliojaza fomu, tutazisoma tukipata kabati. Na namshukuru karani wangu Nusura, ambaye asubuhi hii amenijulisha kwamba kodi hiyo haimo katika kitabu chochote, ofisi haina hata kiwanja, muhuri haujachongwa, hivyo hakuna kinachozuia mauzo isipokuwa ufunguo ulio mfukoni mwangu. (Mama Acan anapanda jukwaani, mtoto mgongoni, ananyoosha mkono. "Lete, baba.") Mama, kuna itifaki... ("Lete. Na usipige kelele, ndiyo kwanza amelala.") Haya. Huu hapa. (Vigelegele. Mama Acan anampa Masinde ufunguo, naye anamhesabia pesa.)

Asanteni sana, wananchi. Bwana Masinde! Bwana Masinde, usiondoe gari kwanza, kofia yangu imo ndani!