Neno Moja Linatosha

Jumatatu, 9 Machi
Nimeona mlango! Mama Nyiramahirwe, directrice wa shule mpya ya Munigi, anatafuta mwalimu wa Kiingereza. Jaribio ni Ijumaa. Nikishindwa, nitarudi kusukuma chukudu ya shemeji, na lile toroli la mbao limeshanimaliza mgongo. Kiingereza sijui. Jambo dogo.

Jumanne, 10 Machi
Sokoni Birere. Mama Katungu, muuza mandazi, anayafungia kwa kurasa za kamusi ya Kiingereza. Akataka kunipa yote bure. Nikachana kurasa tatu tu, zote za neno moja: "set". Mutu wa akili habebi mzigo! Jua likizama, set. Saruji ikiganda, set. Kupanga meza, set. Vikombe sita, set. Hata asili ni mbili: moja ya Waingereza wa kale, kukalisha kitu, nyingine waliitoa kwa Wafaransa. Kumbe lugha nzima ni hili, mengine ni mapambo.

Jumatano, 11 Machi
Jirani yangu Sikuli naye anataka kazi yangu. Kaniita mwalimu, akaniuliza: "Maître Josias, na mutoto akiwa na kiu, atasema nini?" Wivu huo. Nimemwona akinunua mandazi mara nne leo. Mlafi!

Ijumaa, 13 Machi
Nilianza vizuri mno. Dakika ishirini za "set", na asili zake zote mbili. Kisha directrice akaniomba nisalimie darasa kwa Kiingereza. Nikasema "set". Nikarudia kwa sauti kubwa.

Akaingia Sikuli na kamusi yake, imeshonwa kwa uzi, inanuka mafuta. Kumbe alikuwa anakula ili apate kurasa! Akasalimia, akaomba chaki, akaomba maji. Kazi kapewa yeye. Directrice akaniambia kwa upole: "Papa, hiyo neno umeichimba mpaka chini. Lakini mutoto hawezi kuishi nayo peke yake." Nilitoka nikilia, sifichi.

Jumamosi, 14 Machi
Chukudu. Magunia matano ya viazi. Mgongo!

Jumapili, 15 Machi
Baada ya misa nilinunua andazi kujifariji. Limefungwa kwa karatasi gani? Ukurasa uliomponyoka Sikuli: "run"! Neno hilo limejaa mbele na nyuma, maana nyingi kushinda lile la kwanza. Sasa naelewa kosa langu. Mpango ulikuwa mzuri, nilikosea neno tu. Nimemwambia shemeji kesho atafute mutu mwingine wa kusukuma.