Kahigi Wawili wa Kishanda

Jamali wa Bilele, mjini Bukoba, aliyaona magunia kabla hajamwona mwenyewe. Kahawa ya maganda, kavu, imejaa baraza zima la Kahigi pale Kishanda. Akaegesha pikapu yake na kujivisha shingoni kamera iliyokufa zamani.

"Waitu, bwana Kahigi, nina filamu ya kutisha! Mtu anaamka asubuhi, anakuta mtu mwingine ndiye yeye. Jina lake, nguo zake, kahawa yake. Analia, haaminiwi, mpaka anarukwa na akili."

Kahigi alipenda kuonekana kuliko kula. "Mimi ni nani humo?"

"Tunabadilishana. Mimi Kahigi, wewe Jamali, dairekta."

"Dairekta anafanya kazi gani?"

"Anakaa tu, anasema 'rudia'."

Kahigi akaona hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Akavua kanzu na kofia, akavaa koti la Jamali na miwani yake myeusi. Majirani wakajaa uani, na Jamali, mtu wa tahadhari, akawapa masharti.

"Mwenye kanzu ndiye Kahigi. Yeyote atakayelia kwamba amegeuzwa, msimsikilize. Utamu wa filamu ndio huo!"

Vijana wakapakia magunia kwenye pikapu. Jamali akapanda juu ya gunia na kutangaza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mimi ndiye Kahigi! Kahawa ni yangu, naipeleka Bukoba!"

"Vizuri umejitaja," akasema mama mmoja mlangoni, jembe mkononi. Alikuwa Restituta, mwenyekiti wa kitongoji. "Tangu masika unakwepa msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Mtaro wa barabara unakusubiri."

"Mama, mimi ni Jamali! Wa Bilele!"

"Ameanza kulia!" majirani wakapiga makofi.

"Restituta, unamjua Kahigi!"

"Namjua. Na wewe umesema ndiye wewe."

Jamali akapapasa mfuko kutafuta ufunguo wa gari. Kanzu haikuwa na ufunguo. Ufunguo ulikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa limeshakaa nyuma ya usukani. Wakamteremsha kwa heshima zote za msanii, na roho ikamuuma kweli kweli.

Hazikupita dakika nyingi, pikapu ikasimama kando ya mtaro ambamo Jamali alikuwa akichimba. Kioo kikashuka. Dairekta akautazama udongo kupitia miwani myeusi, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Bado hujawa Kahigi," akasema. "Rudia."

Kisha akakanyaga mafuta kuelekea Bukoba.