Mtungi Uliofunikwa Blanketi

Gitting, Jumatatu, 7 Julai 2025

Bernadina mke wangu,

Jumamosi unatimiza mwaka kaburini. Sala hapa nyumbani, kisha chai. Nimeapa: chai yako haitapikwa kwa moshi! Moshi ulikukohoza miaka yote. Ulikuwa ukitoka jikoni unafuta macho kwa ncha ya kitenge, unacheka.

Dada yako Gaudensia ameshaleta kuni. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba azirudishe. Akauliza, shemeji asiyejua kuchemsha hata maji atapika chai ya msiba kwa kitu gani, kwa maombi? Nina mpango.

Jumatano, 9 Julai

Mpango umewasili! Joakimu, mtoto wa kaka, anayefundisha chuo cha ufundi, ameleta mtungi wa majaribio na jiko lake. Ndani kuna unga wa metali. Anasema unga huo unakunywa gesi ya haidrojeni na kuishika, kisha ukipata joto unaiachia. Ikiungua, hakuna moshi. Mvuke wa maji tu! Ila gesi ikitoka, unga unapoa, na ukipoa sana unaing'ang'ania iliyobaki. Kwa hiyo mtungi ukae kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Nimesema nimeelewa. Amekwenda Katesh, atarudi siku ya sala.

Alhamisi, 10 Julai

Maji ya vuguvugu yatatoka wapi? Kwenye kuni! Yaani Gaudensia ashinde. Hapana. Ulipokuwa unatetemeka, nilikufunika blanketi lako la mistari, ukasema afadhali. Mtungi nao utafunikwa.

Ijumaa, 11 Julai

Kuni alizokataa Gaudensia kuzirudisha nimezificha zote chini ya majani ya ndama. Hakuna kurudi nyuma.

Jumamosi, 12 Julai

Aibu.

Jiko liliwaka vizuri uani. Moto wa gesi hii hauonekani! Gaudensia alisema hakuna kitu hapo, akasogeza kiganja, akakirudisha mbio. Nilifurahi mno. Sufuria ikaanza kuimba. Halafu mwimbo ukafifia, moto ukalegea. Ukazima.

Nikapapasa chini ya blanketi. Mtungi baridi, unatoka jasho. Nikaongeza shuka. Nikaongeza koti langu la kanisani. Baridi zaidi!

Gaudensia akadai kuni zake. Ndama walikuwa wamezikojolea usiku kucha. Moshi uliotoka hapo, Bernadina! Katekista Patriki alikohoa katikati ya sala. Wakafuata wanakwaya, wakafuata majirani. Uani kote watu wanakohoa kama wewe. Nilienda kusimama nyuma ya nyumba.

Joakimu alinikuta huko. Akasema taratibu, baba mdogo, mama mdogo alikuwa na joto lake mwilini, blanketi lilimtunzia. Metali haina lake. Inalivuta kutoka nje, nawe uliifungia mlango. Maji ya beseni ungeyapasha kwenye jiko lilelile, likiwa bado linawaka.



Jumapili, 13 Julai

Gaudensia amefua blanketi lako. Bado linanuka moshi. Aliniletea uji, hakunitania. Hiyo ndiyo imeniuma.

Joakimu ameniachia mtungi, bado una gesi. Nimeyafikiria sana maneno yake wakati wa misa, na kosa nimeliona. Blanketi lilikuwa moja, tena jepesi. Nimeazima jingine zito kwa Gaudensia. Amenipa, akaniangalia muda mrefu.

Jioni nitajaribu tena, kikombe kimoja tu, cha kwako.

Huko uliko kama kuna baridi, sijui nani anakufunika. Unikumbuke, Bernadina.