Trela Iliyouzwa Mara Nyingi

Mzee Kasimiro alipokwenda Kampala kutibiwa macho, alimwachia Swadiki kazi moja tu: amtunzie trela yake ya kulala, na akipatikana mnunuzi wa maana, amuuzie. Ilikuwa nyumba nyeupe juu ya magurudumu, yenye vitanda, meza na jiko, iliyoachwa Arua na wageni waliochoshwa na barabara wakarudi kwao kwa ndege.

Swadiki aliizunguka asubuhi nzima, mikono nyuma, kama mkaguzi wa serikali. Mtu wa kawaida angeona trela. Swadiki aliona shamba. Kuuza trela mara moja, aliwaza, ni uvivu.

Akatangaza bei ya kutupa. Masharti yalikuwa mepesi: mnunuzi atoe arbuni, aje na gari lake, afunge trela. Akiivuta mpaka barabara kuu kabla jua halijazama, amalize malipo, nayo ni yake. Akishindwa, arbuni inabaki kwa Swadiki, kama pole. Pasca, aliyeuza chai langoni, aliitwa kila mara kuwa shahidi. Aliichukulia kazi hiyo kama ya mahakamani. Alikuwa akifuta mikono kabla ya kusikiliza.

Nani angeogopa? Mtu anaweza kumtilia shaka mkewe, daktari wake na padri wake, lakini gari lake halitilii shaka hata siku moja.

Swadiki alikuwa amejifunza. Alijua kwamba kila gari lina mzigo linaoweza kuvuta bila kujiumiza, na kwamba trela tupu na trela iliyojaa ni viumbe wawili tofauti. Alijua kwamba pua ya trela ikizidi uzito inalikandamiza gari kwa nyuma, mpaka magurudumu ya mbele yanaelea. Elimu hiyo ingeweza kuokoa maisha ya watu. Swadiki aliitumia kujaza mawe ya msingi chini ya vitanda na kwenye sanduku la mbele. Kisha akawachagua wateja kwa magari yao. Mwenye lori aliambiwa trela imeshauzwa. Mwenye kigari cha kung'aa alikaribishwa chai.

Andama, muuza mbao, alikuja na kigari cha kung'aa.

"Bwana Andama, hii gari iko na nguvu," Swadiki alimwambia, akiipapasa boneti kwa huruma. "Ingekuwa gari ingine, ningesema hapana."

Andama akafunga trela, akakanyaga mafuta. Gari likainua pua kama mbwa anayenusa nyama, magurudumu ya mbele yakazunguka bure, moshi ukatoka mahali ambapo moshi hautakiwi. Jua lilipozama, alikuwa amesogea hatua chache, na hizo zilikuwa za kurudi nyuma.

"Pole sana," alisema Swadiki, na kwa kweli alionekana kuumia.

Baada ya Andama walifuata wengine. Kila mmoja alilaumu klachi yake, na kila mmoja aliendelea kuja kunywa chai kwa Pasca, akiitazama trela kwa uchungu.

Ndipo akaja Mariam Poni kutoka Koboko, mama mnene, mpole, ndani ya kigari kinachokohoa. Swadiki alipokiona alikaribia kucheka. Akajizuia, akaagiza chai.

"Mimi napikia madereva wa lori, wale wanaenda Sudan," Mariam alieleza. "Nikipanga nyumba, watu wanajaa. Watu wakijaa, mwenye nyumba anafukuza mimi, anaweka dada yake. Sasa ni mara ya pili. Nataka jikoni ya magurudumu. Wakisema ondoka, naondoka na jikoni yangu."

Swadiki aliguswa. Kuguswa huko kulidumu muda wa kumeza chai.

"Mama, umefika. Hii iko nyepesi kabisa."

"Naivuta na gari gani?"

"Gari yoyote, bora iwe yako."

"Nikifika barabara, ni yangu? Kwa bei ile ile?"

"Ni yako. Pasca, umesikia?"

Pasca alifuta mikono. "Nimesikia."

Mariam akatoa arbuni bila kubishana. Halafu hakufunga trela. Alitoa simu, akasema maneno mawili kwa Kikakwa, akaendelea na chai yake. Kikombe hakijaisha, lori refu la kijani likaingia langoni taratibu, na nyuma yake kulikuwa na ndoano nene kama mkono wa mtu. Kwenye usukani alikaa kijana mrefu, Swaka.

Swadiki alimtambua, na chai ikampalia.

"Huyu dereva yangu alikuja hapa na hii lori," alisema Mariam. "Ulimwambia trela imeuzwa. Jioni yake nasikia bado unaiuza. Nikajiuliza: huyu mutu anaogopa lori kwa nini? Marehemu bwana yangu alikuwa anavuta magari ya jeshi. Alifundisha mimi: jua kwanza uzito wa mzigo, halafu nguvu ya gari, ndio uombe Mungu."

"Lakini mama, tulisema gari yako!"

"Hii ni yangu, bwana yangu aliniachia. Ile ndogo nimeazima, mwenyewe anakuja kuichukua."

Swadiki akamgeukia Pasca. Pasca akatoa hukumu. "Alisema gari yoyote, bora iwe yake. Nimesikia."

Mariam akapanda ndani ya trela, akainua godoro. Alitoa kichwa dirishani.

"Toa mawe, ndugu yangu. Sisi hatupeleki mlima Koboko."

Swadiki akatoa mawe, moja moja, juani. Wanywa chai wakasimama. Andama aliyahesabu mwanzoni, kisha akaacha kuhesabu akaanza kupumua kwa nguvu. Mariam alisimamia kazi kwa utulivu: mawe machache yabaki mbele, maana pua ikiwa nyepesi mno trela inayumba, mnyororo ufungwe, taa zijaribiwe. Swaka akaiondoa trela kama anavyotoa kiti chini ya meza. Barabarani Mariam akamlipa Swadiki salio lote, mkononi.

Fedha zile hazikupata joto. Andama na wenzake walikuwa wameshamzunguka, na kila mmoja aliichukua arbuni yake kwa upole wa kutisha. Walipomaliza, Swadiki alibaki na kitambaa cha mfukoni, nacho kilikuwa cha Andama, ambaye akakidai.

Simu ikalia. Kasimiro. Swadiki hakuipokea. Alikimbilia mlango wa lori.

"Mama, naomba lifti. Niweke ndani ya trela tu."

"Mutu hapandi ndani ya trela ikitembea. Ni hatari." Mariam alimpima kwa macho toka kichwani mpaka viatuni. Swadiki alimwona akifikiri. "Huko Koboko sahani ni nyingi. Unajua kuosha?"

"Najua."

"Mbele imejaa. Panda nyuma ya lori, na sufuria."

Walipoipita Aroi, njiani kwenda Koboko, simu ililia tena. Swadiki, amekaa juu ya sufuria kubwa akitazama nyuma, vumbi kwenye nyusi, akaona heri aipokee.

"Swadiki!" Kasimiro alifoka. "Macho yamepona, kesho narudi. Trela yangu iko?"

"Iko salama, mzee," alijibu Swadiki. "Niko nayo sasa hivi. Naitazama kwa macho yangu."