RB ya Fimbo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 12 Mei 2025
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Nasieku kaniandalia chai ya maziwa, kanitazama, nikasahau kuinywa. Mke! Wangu! Tatizo moja dogo: fimbo haionekani. Ile nyeusi ya shanga aliyonikabidhi baba yake, mzee Seuri, siku ya harusi, akisema mbele ya wazee kwamba nikishindwa kutunza fimbo, binti yake anarudi nyumbani Tindiga. Ijumaa anakuja kututembelea. Kuiulizia hapa Mikumi ni kujitangaza. Nimepata wazo. Fimbo iliyosahaulika ni uzembe. Fimbo iliyoibiwa ina RB ya polisi!

Jumanne, 13 Mei
Kituoni. Afande Hildegarda yuko kaunta. Akafungua kitabu, akataka jina, kabila, kazi, mali iliyoibiwa. Nikaieleza fimbo shanga kwa shanga. Nikagusia pia vidole vya Nasieku. Akasema hivyo havijaibiwa. Akauliza mwizi anafananaje. Sikujiandaa! Sura pekee iliyonijia ni ile ninayoiogopa wiki nzima. Nikasema mzee, mrefu, masikio yametobolewa, anachechemea mguu wa kushoto. Akaandika yote. Nimepewa namba ya RB. Nasieku kasoma, kanihurumia, kanikanda mabega. Mapenzi matamu!

Ijumaa, 16 Mei
Nimepigiwa simu: mwizi kakamatwa na kielelezo mkononi. Haiwezekani. Mwizi nimemtunga mwenyewe! Nasieku kanisindikiza kwa furaha.

Kwenye benchi: mzee Seuri, na fimbo. Kumbe niliisahau kwa Joha wa nyama choma. Mzee aliposhuka basi akapita hapo kula, Joha akaona shanga alizovaa zinafanana na za fimbo, akamkabidhi. Hakufika mbali, polisi wakamkamata kwa maelezo yangu.

Nikasema shikamoo baba. Afande akauliza tangu lini mtu anamwamkia mwizi wake. Nasieku akaniangalia. Hata akikasirika ni mzuri mno.

Nikasema ukweli, karibu wote. Afande akasema taarifa ya uongo ni kosa, mahabusu kuna nafasi. Mzee akasema niachwe, mtu aliyeshindwa kuchunga fimbo atawapotezea hata kufuli. Kisha akaondoka na fimbo. Na Nasieku. Sharti lake: niende Tindiga na wazee, niseme niliisahau, niombe radhi. Basi.

Jumapili, 18 Mei
Kitanda ni kikubwa kama mbuga. Nimenusa kanga yake mara sita. Mjomba Nikolaus yuko tayari kunisindikiza Tindiga leo hii. Anasema dakika tano za aibu zinatosha. Dakika tano! Nimepata njia fupi.

Nimekwenda kituoni kuripoti mke kupotea. Maelezo kurasa tatu, macho peke yake ukurasa mzima. Afande Hildegarda akauliza namshuku nani. Nikaanza: mzee, mrefu, masikio yametobolewa...

Akafunga kitabu.

Kesho hayuko zamu. Nitarudi.