Betri Iliyopimwa kwa Mizani ya Kahawa

Jumatatu, 5 Julai 1954

Nimeposa. Yaani, nimeanza. Nimemwambia mzee Ayubu namtaka binti yake Siti, naye akaniuliza kama gari langu huwaka lenyewe. Swali la ajabu kwa mkwe! Jumapili ana hitima Muleba kwa dada yake, Bi Maulida. Nimpeleke, mambo ya posa tutazungumza njiani, ila yeye hapandi gari la kusukumwa. Nikamjibu linawaka kwa kidole.

Uongo mtupu. Tangu Ramadhani betri imechoka, naegesha mteremkoni tu. Marafiki zangu wote siku hizi ni watu wa vilimani. Kwa mzee Ayubu, kule tambarare, huenda kwa miguu na kusema nanyoosha viungo.

Jumanne, 6 Julai

Kwa fundi Karugendo. Nimemuuliza maswali mpaka akakaa chini. Mbona betri ina vifuniko vitatu? Kila kifuniko kina chumba chake, kila chumba volti mbili, jumla sita, na gari langu ni la sita. Ya kumi na mbili je, si ndiyo bora? Polepole waitu, ndugu yangu, akasema, hiyo itaunguza taa zote. Na mbona ncha moja nene kuliko nyingine? Ili mjinga asikosee waya. Akanitazama. Tena ienee kwenye kisanduku chake, isirukeruke barabarani.

Nimefurahi sana. Miaka miwili naendesha, sikujua chini ya boneti kuna nyumba ya vyumba vitatu.

Jumatano, 7 Julai

Dukani zipo mbili za vifuniko vitatu. Moja nyepesi, moja nzito. Muuzaji akasema nzito ina nguvu zaidi. Hapo nikashtuka. Mimi Hamidi nimekulia kwenye kahawa. Nawajua watu wanaonyunyizia magunia maji ili yavute mizani.

Nimeinunua hiyo nzito, nikaipeleka Rwamishenye kwa rafiki yangu Datius, karani wa ghala la kahawa. Tukaipima. Kisha nikafungua vifuniko, nikamwaga maji yote, maana mali hupimwa kavu. Tukapima tena. Ratili saba zimeyeyuka! Wizi wa mchana kweupe.

Majani pale nilipomwaga yamebadilika rangi. Suruali yangu ina matundu magotini. Datius akauliza ni maji gani yanayokula nguo. Swali zuri. Nimeliandika hapa ili nilifikirie.

Jioni nimeijaza betri maji ya chemchemi, safi kabisa, nimeyachuja mara mbili.

Alhamisi, 8 Julai

Nimeifunga betri. Gari kimya. Hata kukohoa halikukohoa.

Nimerudi dukani na hasira zangu. Muuzaji akauliza maji yake yako wapi. Nikamwambia ujanja wake naujua, nimeyamwaga. Akamwita mkewe aje asikie. Nikarudia. Mke akaomba nirudie tena.

Kumbe ile ni tindikali, ndimo umeme unamotoka. Betri imekwisha. Sababu ya kuumbia umeme ndani ya maji makali hivyo sijaielewa, lakini inapendeza. Nyingine inakuja na meli ya Jumamosi ya wiki ijayo. Nimerudishia ile ya zamani.

Jumapili, 11 Julai

Gari nimeliacha juu Rwamishenye. Nikamwambia mzee limelala kwa rafiki, tupande tu, ni karibu. Akapanda na bakora yake, akisimama kila hatua kumi. Siti nyuma na kapu kichwani. Nikaliachia mteremkoni. Mzee akauliza mbona tunakwenda na hakuna mlio. Nikasema magari mazuri huanza hivyo.

Njia nzima raha. Akafika mpaka kutaja mwezi wa harusi.

Muleba sikulizima. Hitima inasomwa ndani, gari linanguruma nje, wasomaji wakapandisha sauti, nalo likawa kama linashindana nao. Mzee kwa wema wake akatoka, akalizima mwenyewe.

Waliohudhuria hitima wote walisukuma. Mzee Ayubu alisukuma, kanzu nyeupe ikawa nyekundu kwa vumbi. Siti alisukuma huku akicheka mpaka akashindwa kusukuma. Kurudi Bukoba mzee alipangusa kanzu njia nzima. Niliona aibu.

Jumatano, 14 Julai

Mzee ameniita. Nilikwenda nikijua nanyimwa mke.

Akasema amesukuma mengi maishani na gari si baya kuliko yote. Kilichomuuma ni kupandishwa kilima bure na mtu anayetaka kuwa mwanawe. Siti amemwomba anipe nafasi nyingine. Ijumaa wana safari ya Rubafu. Kama gari bado linaumwa niseme tu, si aibu, watangoja Jumapili, kwani amesikia dukani kuwa betri itakuwa imeshafika. Anachotaka kujua ni kama nikiulizwa jambo nasema kweli.

Siti alikuwa mlangoni. Akanikazia macho, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemwonyesha mtoto jibu. Neno la kujibu lilikuwa moja tu: bado.

Nikasema limepona tangu jana, linawaka vizuri kuliko jipya.

Siti akaingia ndani. Nadhani alikwenda kupika chai, ingawa haikuja.

Hakuna tabu. Kashozi yuko bwana mmoja, Ildefons, ana gari la aina yangu na rangi yangu. Kesho alfajiri naenda kumwomba anipe kwa siku moja, tubadilishane na vibao vya namba. Mzee hatajua. Kama la Ildefons huwaka lenyewe, sijauliza bado.