Mfalme Hatembei Hivyo

Jumatatu, 4 Machi 1963

Orodha ya wachezaji imebandikwa kantini. Filamu mpya, ya nyimbo na vichekesho: Mfalme anatoroka kasri, anajifanya muuza vitambaa, anampenda binti muuza tofu. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Poon, msaidizi wa mwongozaji, kuomba nafasi ya Mfalme. Miaka tisa nipo studio hii. Nimekufa mara thelathini na moja mbele ya kamera. Nani anastahili kuliko mimi?

Bwana Poon alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema Mfalme ni Bi Ngai Suk-wan, maana kwenye filamu za nyimbo wafalme huchezwa na wanawake, na akina mama wa Hong Kong wanataka mfalme mrembo asiyetoka jasho. Mimi ni Towashi wa Nne. Nabeba mwavuli. Halafu akanikumbusha kwamba mkataba wangu unakwisha Jumamosi, na mwaka huu hapewi mkataba asiye na nafasi yenye jina. Towashi wa Nne si jina, ni hesabu.

Nikikosa, naenda Sheung Wan kuuza ng'onda dukani kwa mjomba. Ameshanishonea aproni. Yaani mwanamke awe mfalme, mimi ninuke samaki! Haiwezekani.

Jumanne, 5 Machi

Nimeeneza habari kwamba sauti ya Bi Ngai imekauka. Mfalme bila sauti ataimba nini?

Kumbe nimesahau. Bi Ngai haimbi hata kidogo. Anachezesha midomo tu, anayeimba ni mama mmoja wa miwani aliyefungiwa chumba cha kurekodia. Hakuna aliyeshtuka. Walimhurumia tu. Kufika mchana Bi Ngai alikuwa ameletewa mabakuli saba ya pea zilizochemshwa na sukari mawe, dawa ya koo, na aliyeamriwa kuyapandisha ngazi ni mimi. Akanishukuru kwa adabu. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Mungu si Athumani. Bi Ngai anahitajika kwenye filamu nyingine, huenda tarehe zikagongana. Ijumaa mwongozaji, Bwana Hoh, atawajaribu wanawake wengine kwa nafasi ya Mfalme. Wanawake tu.

Vizuri. Watapata mwanamke. Anaitwa Bi Tam Yuk-ping, ametoka Macau, na ana miguu mikubwa kidogo.

Nimemwomba Dada Mui wa chumba cha mavazi wigi na gauni. Nikasema ni vya dada yangu. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza dada yangu ana mabega ya nani. Nikajibu ya baba.

Alhamisi, 7 Machi

Nimenyoa ndevu mara tatu. Nimefanya mazoezi ya kupanda ngazi na gauni, nikakutana uso kwa uso na Bi Sze mwenye nyumba. Akauliza mimi ni nani. Nikasema dada yake Tam Yiu-kei, yaani dada yangu mimi mwenyewe. Akanishika mkono kwa huruma, akasema, “Pole, mwanangu. Kaka yako hasafishi bafu, anajisifu kama jogoo, na hatafika popote. Mshauri arudi kwenu.” Ilinibidi niitikie kila neno. Nyumba hii nitaihama.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa hasira.

Nilitembea mbele ya Bwana Hoh kama ninavyotembea kila siku ya maisha yangu. Akanisimamisha. “Dada, uso wako mzuri, lakini wewe hujui wanaume. Mwanamume hatembei hivyo.” Nikarudia. Akasema nimezidi kuharibu, sasa naonekana mwanamke anayeigiza bata. Nina umri wa miaka thelathini na mbili, na yote nimekuwa mwanamume!

Akaitwa Bi Ngai anionyeshe. Akatupa mguu nje, akatulia, akapindua mkono wa joho, akatabasamu nusu. Chumba kizima kikashusha pumzi. Na mimi pia, sikatai.

Kisha akaninyoosha kola na kuninong'oneza: “Kaka, koromeo lako linapanda na kushuka. Funga kifungo cha juu.” Nikaona aproni ya mjomba mbele ya macho. Lakini akamgeukia Bwana Hoh, akasema kwa sauti, “Huyu dada tunampoteza kwenye mambo ya kiume. Hebu tazameni huo mdomo. Si ndiye mshenga wetu?”

Bwana Hoh akajipiga paja. Nimekuwa Mama Fa, mshenga mwenye chunjua shavuni. Ana jina, ana maneno, ana hata wimbo. Tarehe hazigongani tena, Bi Ngai anabaki Mfalme; mimi, niliyestahili joho la njano la kifalme, nimepewa chunjua.

Jumamosi, 9 Machi

Mkataba umesainiwa. Mwaka mzima, kwa jina la Bi Tam Yuk-ping. Bwana Poon alinivutia kiti, akasema alikuwepo mvivu mmoja wa ukoo wangu, anamshukuru Mungu kwamba ameondoka. Akaonya: Jumatatu asubuhi tunachoma ubani na kukata nguruwe wa kubanikwa, desturi ya kufungua filamu, na asiyekuwepo, nafasi yake anapewa mwingine.

Bi Ngai alinipitia mlangoni. “Kaka, umeshapata. Tulia sasa, usiguse kitu.” Tulia! Maneno ya mtu aliyevaa joho la njano.

Maana nimesikia jambo kantini. Mchezaji wa Mama wa Mfalme ameteguka kifundo cha mguu, na Jumatatu asubuhi, saa ile ile ya ubani, wanajaribu vikongwe ofisini. Mama wa Mfalme! Hata Mfalme humpigia magoti. Bi Ngai atanipigia magoti mimi, mara nne, kwenye filamu ya rangi.

Kwa hiyo Jumatatu Mama Fa atakuwa mgonjwa sana. Nimeshapita kwa Dada Mui kuomba wigi la mvi. Nimemwambia ni la mama yangu.